Mkono wa Mwonewa

Wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe. Methali hii hutajwa kumfariji mnyonge, lakini aghalabu humfunga pia, kwani humfundisha kulia na kungoja. Kitabu cha Wangari Maathai kiitwacho Unbowed, kilichotolewa mwaka 2006, chafaa kusomwa na kila kijana aliyekwisha kuamini kwamba yeye ni kuku.

Thamani ya kitabu hiki haiko katika kuificha dhuluma. Mwandishi aeleza jinsi alivyorudi kutoka Marekani mwaka 1966, akaenda chuo kikuu mjini Nairobi na barua ya kazi mkononi, akaambiwa kuwa kazi amekwisha kupewa mtu mwingine. Alionewa, na asema hivyo waziwazi. Lakini hakufanya jeraha lake kuwa makao. Alibisha mlango mwingine, akapata kazi katika idara ya elimu ya viungo vya wanyama, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari.

Sehemu iliyo bora ni ile ya mwaka 1989, serikali ilipounga mkono kujengwa kwa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Wangari hakuwa na cheo wala askari. Alikuwa na kalamu. Aliandika barua, akaenda mahakamani. Kesi ilitupwa, alidhihakiwa bungeni, chama chake kikafukuzwa ofisini. Hata hivyo jumba halikujengwa. Leo atokaye katikati ya mji kwenda Kilimani au Kawangware hupita kando ya bustani ile ile.

Hata hivyo, kitabu kina hatari yake. Kwa kuwa kimesimuliwa na sauti moja, msomaji mwepesi aweza kudhani kuwa moyo mmoja shujaa uliliangusha jumba. Sivyo. Walikuwapo wananchi walioandika magazetini, na wakopeshaji wa ng'ambo waliosita kutoa fedha. Ujasiri wa mmoja uliwaamsha wengi, na nguvu ilitoka kwa wote hao.

Jambo hili si dogo. Kumwambia mwanafunzi wa Kawangware aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, "Jiamini tu," ni kumtwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Kumwambia, "Wewe ni mwonewa, basi keti," ni kumnyang'anya hata mikono aliyo nayo.

Maisha ya Wangari yanatufunza maswali mawili. La kwanza, "Nani amenidhulumu?" La pili, "Mkononi mwangu mna nini, na nani atasimama nami?" Aulizaye la kwanza peke yake hubaki analia. Aulizaye la pili peke yake humwachia mdhalimu njia. Kijana mwenye busara na ayaulize yote mawili, kisha aanze na lile dogo lililo mkononi mwake.