Mswahili Katika Daftari la Karani

Kitabu cha Historia ya Kiswahili, cha Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, kilitoka 1977, waandishi wote wawili wakiwa wamekwisha fariki. Sifa yake kubwa ni utetezi wake kwamba Kiswahili ni lugha ya Kiafrika, wala si chotara wa Kiarabu. Kwa upande wa sarufi hapana la kubishana: ngeli na viambishi vya vitenzi havikuazimwa kwa Mwarabu. Tabu huanza pale hoja hiyo ya sarufi inapovuliwa lugha ikavishwa watu. Hapo utetezi huwa umekwisha pokea sharti la mshtaki, ya kwamba kilichochanganyika lazima kiwe na mwenyewe mmoja.

Watu wa Mvita walikwisha ulizwa swali hilo zamani, tena na mtoza kodi. Sheria ya kodi ya 1910 iliwatia Thenashara Taifa katika kundi la wenyeji, na Waarabu nje yake, ingawa katika Mji wa Kale nyumba zao zilipakana na wakiozana. Katika miaka ya 1920 Waarabu walipopewa kiti cha kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, Thenashara Taifa walinyimwa kura, wakaunda chama chao. Hata 1952 ndipo sheria ilipowahesabu kuwa Waarabu. Uhuru ulikuja 1963, na kile walichokipigania miaka arobaini kikawageukia: sasa waliulizwa kama ni Waafrika kweli.

Majina ya mataifa hayo yafaa yasomwe polepole. Thalatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Mengi yao ni majina ya mahali. Yatwambia watu waliingia kisiwani wakitoka mji gani, na waliungana na nani, hayatwambii damu. Hata jirani zao, walipojichagulia jina la pamoja katika miaka ya 1940, walijiita Mijikenda, yaani miji tisa. Fomu ya serikali ina neno moja tu, kabila, nalo haliwezi kubeba hesabu ya namna hii.

Matokeo yake ni tarakimu za ajabu. Hesabu ya watu ya 2009 iliandika Waswahili 110,614. Ile ya 2019 ikaandika 56,074. Hapana tauni iliyopita pwani. Orodha ndiyo iliyopangwa vingine.

Nilipokuwa nikisoma ng'ambo nilisikia ikisifiwa njia ya Marekani, ambako tangu hesabu ya 2000 mtu aweza kutia alama ya asili zaidi ya moja. Kwa Mvita dawa hiyo haiponyi, kwani alama mbili bado zajibu swali la damu. Chiraghdin mwenyewe, mzaliwa wa Mombasa, jina lake limeunga neno la Kiajemi la taa na la Kiarabu la dini, kwa mtindo wa Punjab. Na ni nani aliyekitumikia Kiswahili cha Mvita kuliko yeye?

Toleo jipya la kitabu hiki lingefaa liongezewe sura juu ya maneno taifa, mji, mbari na mlango, kama yanavyotumiwa na wenyewe, kabla ya neno kabila kuguswa.