Ubatizo wa Wakristu wa Kwanza na Mafundisho ya Makanisa ya Siku Hizi

Katika mitaa yetu ya Lubumbashi, huko Kenya, Katuba, Ruashi na pahali pengine, twasikia neno moja katika vinywa vya wahubiri wengi: «Turudi kwa Eklezya ya kwanza.» Neno hili ni zuri, na hakuna Mukristu anayeweza kulikataa. Lakini mara nyingi linafwatwa na neno la pili: «Basi ubatizo wako wa zamani si kitu, njoo ubatizwe upya.» Mutu aliyebatizwa angali mutoto, akakomunika, akafunga ndoa mbele ya padri, leo anaambiwa kwamba miaka hiyo yote alikuwa mupagani tu. Bibi anakubali, bwana anakataa, na nyumba inagawanyika. Kwa hiyo hili si jambo la vitabu tu. Twataka kulipima hapa pasipo hasira wala matusi, kwa kuuliza swali moja: maandiko ya Wakristu wa kwanza yanasema nini kweli?

1. Juu ya jina

Wafwasi wa William Branham, muhubiri wa Marekani aliyekufa mwaka 1965, ni wengi katika inchi yetu. Wanafundisha kwamba ubatizo wa kweli ni ule unaotolewa kwa jina la Yezu peke yake. Tusiwajibu haraka kwamba wamezua. Wanaonyesha Matendo ya Mitume 2,38, 8,16, 10,48 na 19,5, na kweli katika mafungu hayo jina linalotajwa ni lile la Yezu. Sisi twaonyesha Mateo 28,19, panapotajwa Baba na Mwana na Roho Mutakatifu. Kama kila mumoja anashika fungu lake na kupiga nalo mwenzake, mabishano hayatakwisha.

Lakini tuko na mushuhuda wa tatu. Ni kitabu kidogo kinachoitwa Didake, ndiyo kusema Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Wataalamu wengi wanafikiri kiliandikwa karibu na mwisho wa karne ya kwanza. Kilipotea siku nyingi, mpaka Philotheos Bryennios, Mugiriki wa Eklezya ya Ortodoksi, alipokikuta Konstantinopoli mwaka 1873. Kikapigwa chapa mwaka 1883. Katika sura ya 7, kitabu hiki kinaamuru kubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mutakatifu. Katika sura ya 9, kinakataza watu kula Ekaristia, isipokuwa wale waliobatizwa kwa jina la Bwana. Angalieni vizuri: kitabu ni kimoja, na misemo ni miwili. Hata kama sehemu zake zilitoka katika mikono mbalimbali, aliyeziunganisha hakuona kwamba zinapingana. Kwake yeye, «kwa jina la Bwana» kulionyesha ubatizo ni wa nani; majina matatu yalikuwa maneno ya kutamka penye maji.

Na ndivyo tunavyoona katika Matendo 19 pia. Wale wanafunzi wa Efeso walijua ubatizo wa Yoane tu. Paulo anawapa ubatizo wa Yezu. Shida pale ilikuwa kutenganisha ubatizo na ubatizo. Karibu na mwaka 155, Mutakatifu Yustino anaeleza kule Roma namna Wakristu wanavyobatiza, naye anataja Baba, na Mwokozi Yezu Kristu, na Roho Mutakatifu. Lakini mafundisho ya kubatiza upya kwa jina la Yezu peke yake yalitoka kati ya Wapentekoste wa Marekani, nyuma ya mukutano mumoja wa mwaka 1913 karibu na Los Angeles. Je, tuite hayo mafundisho ya kwanza?

2. Juu ya maji

Wahubiri wengine wanasema: asiyezamishwa mwili wote hakubatizwa. Didake inapenda maji yanayotembea, kama yale ya muto. Lakini ikiwa hayapatikani, inaruhusu maji mengine, hata ya moto; na ikiwa yote mawili hayapatikani, imwagwe mara tatu juu ya kichwa. Kwa hiyo kuzamisha ni desturi ya zamani sana, nasi tusiicheke. Hata hivyo, Wakristu wale hawakusema kwamba Mungu anafungwa na wingi wa maji.

Wakimbangisti, kwa upande wao, hawatumii maji. Wanabatiza kwa sala na kwa kuwekea mikono, wakiomba Roho Mutakatifu. Muji wetu unamujua Simon Kimbangu: alikufa hapa, katika gereza la Elisabethville, tarehe 12 mwezi wa kumi 1951, kisha kufungwa miaka 30. Mateso yake yanastahili heshima yetu. Lakini mafundisho twayapima kwa Maandiko. Katika Matendo 10, Roho Mutakatifu anashukia watu wa nyumba ya Korneli mbele ya ubatizo. Petro hasemi kwamba sasa maji hayana kazi. Anauliza nani anaweza kuwanyima maji, tena anaamuru wabatizwe.

3. Juu ya kubatiza upya

Hapa Afrika yenyewe inatufundisha. Mwaka 256, Mutakatifu Sipriano, askofu wa Karthago, alikusanya maaskofu wa Afrika ya Kaskazini. Tuko na maoni ya maaskofu 87, na wote walitaka kubatiza upya wale waliobatizwa na wazushi. Papa Stefano alikataa: aliyekwisha kubatizwa awekewe mikono tu. Sipriano alikuwa mutakatifu, akakatwa kichwa kwa ajili ya Kristu mwaka 258; lakini katika jambo hili Eklezya haikumufwata. Mwaka 314, konsilio la Arles liliambia Waafrika waulize kwanza: kama mutu alibatizwa katika Baba na Mwana na Roho Mutakatifu, awekewe mikono tu. Nyuma yake Mutakatifu Agostino, Mwafrika naye, akaeleza sababu: anayebatiza kweli ni Kristu, na mukono wa mutumishi hauwezi kuharibu kazi yake.

Basi yule anayebatiza upya Wakatoliki wetu anaamsha mabishano yaliyokwisha kupimwa zaidi ya miaka 1.700 iliyopita. Lakini sheria hiyo inatufunga sisi pia. Mumetodisti anayeomba kuingia katika Eklezya Katolika amekwisha kubatizwa. Zamani mapadri wengi waliwabatiza watu kama hao kwa masharti, karibu kwa desturi. Konsilio la Vatikano la Pili, mwaka 1964, lilikumbusha kwamba ubatizo unatuunganisha nao. Tukitaka wengine waheshimu ubatizo wetu, tuheshimu wao.

4. Na sisi?

Haifai kusoma vitabu vya zamani kwa kutafuta makosa ya jirani tu. Didake inataka anayebatizwa afunge siku moja ao mbili, na anayebatiza afunge pamoja naye. Inasema pia kwamba nabii anayeomba feza ni nabii wa uongo. Neno hili wahubiri wa kila kanisa walisikie, hata letu. Kitabu kingine cha zamani, Mapokeo ya Mitume, kinaweka miaka mitatu ya kufundishwa, na kuuliza kama mukatekumeni alitembelea wagonjwa na kusaidia wajane. Tertuliano wa Karthago, karibu na mwaka 200, aliona afazali kukawisha ubatizo wa watoto wadogo. Eklezya haikumufwata: katika siku za Sipriano, maaskofu 66 walisema hata siku ya nane isingojewe. Lakini woga wa Tertuliano ulikuwa na sababu: ni nani atakayemulea mutoto yule katika imani?

Swali hilo ni letu. Wengi wanaokubali kubatizwa upya hawakushindwa na mafungu ya Maandiko. Walibatizwa wangali watoto, msimamizi akawasahau, na hakuna aliyewaeleza kamwe kitu walichopokea. Siku muhubiri alipowaambia kwamba kilikuwa maji tu, hawakuwa na jibu.

Kwa hiyo, ndugu makatekista, mwanafunzi wenu akiitwa kubatizwa upya, musianze na matusi juu ya makanisa mengine. Fungueni naye Matendo ya Mitume na Mateo pamoja, musimufiche fungu lolote. Kisha mwelezeni kwamba siku ile Kristu mwenyewe alimushika, na kwamba Kristu hashiki mutu mara mbili, kwa sababu hakumuachilia.