Hita ya Ipinda: tone lililozibwa likatokea kwingine

Kyela ni joto, na mtu wa Tukuyu anaweza kuuliza hita ya maji inatafuta nini Ipinda. Awaulize wenye nyumba za wageni. Aliyenyeshewa njia nzima kutoka Matema hataki maji baridi saa mbili usiku. Kwenye nyumba moja ya aina hiyo nilimwangalia fundi bomba akitengeneza hita ya lita 50 iliyokuwa ikivuja. Kwa muda mrefu hakugusa spana, na hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Alizima umeme kwenye swichi kuu, akahakikisha kwa tesita. Akalikausha tangi lote, kisha akazungushia karatasi ya chooni kila kiungio: bomba la maji baridi, la maji moto, valvu ya usalama, na kifuniko cha chini kinachoshika elementi. Akasubiri. Karatasi ya kwenye kifuniko ndiyo pekee iliyolowa.

Wengi wangebadilisha gasketi ya kifuniko, wakadai hela yao. Yeye alishangaa valvu kuwa kavu kabisa. Alipoimulika, akakuta tundu lake limejazwa gundi ya chuma. Akamgeukia mwenye nyumba.

“Mama, hapa aliziba nani?”

“Fundi wa mwaka juzi. Ilikuwa inadondosha kila siku.”

“Inatakiwa idondoshe, mama.”

Maji lita 50 yakipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 70 huongezeka karibu lita moja. Simtanki ya pale iko juu mita nne hivi, presha yake ndogo mno, na maji yale yangerudi huko bila shida. Lakini bomba la baridi lina kizuizi kinachoyaruhusu kuingia tu. Ndiyo kazi ya valvu: presha ikifika baa 8, sawa na maji yaliyosimama karibu mita 80, hufunguka na kutoa matone. Ukiiziba, ile lita hutafuta penye udhaifu, na safari hii ilipapata kwenye gasketi. Ni bahati. Thermostati ingegoma na umeme ukaendelea, tangi lingeweza kupasuka, na hapo sehemu ya maji yaliyopita nyuzi 100 humo ndani hugeuka mvuke mara moja. Mgeni anaoga hatua moja kutoka hapo. Kuziba valvu hakupaswi kuitwa ufundi.

Gasketi na valvu vilikuja kesho yake na basi la Mbeya. Tangi likamwagwa, kifuniko kikafunguliwa. Ndani, kijiti cha magnesiamu, kinachowekwa kiliwe na kutu badala ya chuma cha tangi, kilikuwa kimebaki waya mtupu; bahati nzuri alikuwa nacho kingine mfukoni. Akakwangua chokaa, akakaza nati kwa kukingamisha, moja huku, inayoielekea kule, ili gasketi ilale sawa. Akafungua koki ya maji moto na kujaza mpaka bomba likaacha kutema hewa. Elementi ikiwashwa nje ya maji huungua, kwa hiyo umeme ulirudi mwisho kabisa.

Kwenye valvu mpya alichomeka mpira mwembamba, akaupitisha dirishani. Mama aliweka jagi chini yake. Jioni alinionyesha: maji yalikuwa yanakaribia mstari wa lita moja, na kifuniko kilikuwa kikavu.