Kuhifadhi Si Kuweka Akiba: Uhakiki wa Istilahi za Kulinda Data

Kwa muda sasa tumekuwa tukizipitia tafsiri za Kiswahili zinazotumika katika kompyuta na simu, pamoja na miongozo ambayo ofisi na shule huwagawia watumishi wao. Katika makala haya hatukusudii kuzihakiki zote. Tumechagua fungu moja dogo la istilahi, nalo ni lile linalohusu kulinda data na kuziwekea nakala itakayozirejesha pindi zikipotea. Fungu hili ni dogo kweli, lakini istilahi ikikosewa hapa hasara yake haiishii kwenye karatasi.

Tutoe mfano. Katika ziara yetu wilayani Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, tulikutana na mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari aliyepoteza alama za wanafunzi wake za mihula mitatu. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na diski ya kompyuta ikaharibika. Tulipomuuliza kama hakuwa na nakala, alitujibu kwa uchungu: "Ndugu zangu, nilikuwa nayo. Mwongozo ulisema tuweke nakala rudufu, nami nikaiweka." Alikuwa amefungua kabrasha jipya, akaliita Rudufu, ndani ya kompyuta ile ile, na kila Ijumaa alinakili humo alama zote bila kukosa. Mwalimu huyu hakuwa mzembe. Alilitii neno kama lilivyoandikwa, na neno ndilo lililomwangusha.

Wala msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la alama za shule tu. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, yaliyowahusisha watoto 894 wa Kilifi, Kenya, na Korogwe. Baadaye Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya majaribio makubwa zaidi yaliyoanza mwaka 2009 katika nchi 7 za Afrika, na mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto. Safari yote hiyo ilitegemea kumbukumbu za mtoto mmoja mmoja zilizotunzwa kwa miaka. Kumbukumbu za namna hiyo zikipotea, haziwezi kuandikwa upya kwa kukisia.

Basi tulipime neno rudufu. Kurudufu ni kukifanya kitu kiwe maradufu. Mtumishi wa serikali aliyeingia kazini zamani analo pia neno kudurufu, na akilisikia hukumbuka mashine, stensili na wino, karatasi za mitihani zikitoka kwa mamia. Neno nakala nalo lina mazoea yake ofisini, kwani huandikwa chini ya barua ili kuwataja wale wanaopelekewa barua hiyo kwa taarifa tu. Maneno haya mawili yakiunganishwa, msomaji wa ofisini hupata picha ya wingi: kitu kimoja kimekuwa viwili. Hapati picha ya mahali, wala haambiwi kwamba kile cha pili kimewekwa kwa ajili ya siku ya msiba. Ilhali data hulindwa kwa kutenganishwa, si kwa kuongezewa idadi.

Neno la pili ni hifadhi, na hili lina shida kubwa zaidi kwa sababu limebebeshwa mizigo mingi. Mwanachuoni huhifadhi Kurani kwa kuiweka moyoni. Mfanyakazi huchangia mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa wakazi wa Msomera, Handeni, waliohamia huko kutoka Ngorongoro tangu mwaka 2022, hifadhi ni eneo la wanyamapori. Hatulaumu wingi huo wa maana, maana ndio utajiri wa lugha. Tunachokilaumu ni kuona neno hilo hilo, katika programu ile ile, likitajwa kwa kazi tatu zilizo mbalimbali: kuhifadhi ulichoandika ili kisipotee ukizima kompyuta, kuhifadhi nakala mahali pengine, na kuhifadhi data dhidi ya wezi. Mtumiaji akisha kubonyeza mahali palipoandikwa "hifadhi", huamini kuwa amezimaliza zote tatu. Kwa hakika amefanya ya kwanza tu.

Wako waliotumia neno chelezo. Hatuna budi kukiri kuwa neno hili lina uzuri wake. Ni la Kiswahili asilia, limetokana na kuelea, na mvuvi wa Pangani anaijua kazi yake: wavu ukizama, chelezo huonyesha ulipo ili uvutwe. Hata hivyo, tulipowauliza walimu wa Handeni, ambako hakuna bahari, wengi walisema neno hili wameliona kwenye simu bila kujua maana yake. Ugeni peke yake si kosa, kwani kila istilahi ilikuwa ngeni siku ya kwanza. Kasoro ya chelezo imo katika picha yenyewe. Chelezo hufungwa kwa kamba kwenye kitu kile kile kinachoweza kuzama, na kamba ikikatika huelea peke yake bila faida. Nakala tunayoizungumzia yafaa isifungwe na chochote.

Mitaani watu husema bakapu. Hatulidharau neno hili, kwani msemaji wake aghalabu anajua anachokitaja, naye akisema "sina bakapu" kila mtu humwelewa. Lakini halina uzao katika lugha yetu. Halimpi mwanafunzi fununu yoyote ya maana yake, wala halishikamani na jamaa ya maneno anayoyajua tayari.

Tunafika sasa kwenye neno akiba, na hapa ndipo penye jambo la kusikitisha. Lugha yetu ina neno linalotaja kitu kilichotengwa leo kwa ajili ya shida ya kesho, kisichoguswa ovyo, na wahenga walilikolezea methali kuwa akiba haiozi. Mkulima wa mahindi hatii mbegu na chakula katika gunia moja. Mbegu huzitundika juu ya moshi wa jiko, ili wadudu wakiingia ghalani, msimu ujao usiwe wa njaa. Mtu wa namna hii hahitaji kufundishwa nadharia ya kulinda data, maana anaiishi. Lakini wafasiri wa simu wamelichukua neno akiba na kuliita kwalo lile fungu la data ambalo programu hulikusanya kwa muda ili iende haraka, na ambalo halina madhara likifutwa. Hivyo simu humshauri mwenye nayo: "Futa akiba." Tangu lini Mswahili akashauriwa afute akiba yake ili apate nafasi? Tafsiri hii imegeuza maana juu chini, na twaiona kuwa ndilo kosa kubwa kuliko yote tuliyoyataja.

Liko pia neno kulandanisha, yaani kuvifanya vyombo viwili viwe na data zinazofanana wakati wote. Baadhi ya miongozo hulitumia kana kwamba ni sawa na kuweka nakala. La hasha. Vyombo vilivyolandanishwa huiga hata makosa: ukifuta faili kwenye simu, hufutika kwenye kompyuta pia, na kirusi kikiyafunga mafaili ya huku, ya kule hufuata. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizifunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia. Waliokuwa na nakala zilizokaa mbali na mtandao walizirejesha data zao. Hawakuwa na cha kununua kwa mdai.

Tuguse na neno ulinzi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee kwa uzembe, wala zisiharibiwe, zisibadilishwe au kuonwa bila idhini. Neno ulinzi hapa limechaguliwa vizuri, lakini wafasiri wa miongozo wamelifasiri nusu. Kwao ulinzi ni mlango, kufuli na neno la siri, mfano wa mlinzi aliyesimama getini na rungu. Mlinzi huyo ni wa lazima, lakini hazuii mchwa, radi wala mafuriko. Mvua za Oktoba 2019 zilizoikata barabara baina ya Korogwe na Handeni zilitukumbusha kuwa maji hayaulizi neno la siri. Na kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, siku moja hakimu atauliza kama mtumishi fulani aliweka nakala ipasavyo. Yafaa ijulikane mapema neno hilo lina maana gani.

Twayasema haya bila kuwabeza waliotutangulia. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux, wafasiri wake walikuwa wakifyeka pori ambalo halikuwa na njia. Wajibu wetu ni kuinyoosha njia hiyo.

Mapendekezo yetu ni haya. Kwanza, kuhifadhi kubaki na maana moja tu katika kompyuta: kuweka kazi katika chombo unachofanyia kazi. Pili, nakala inayotengwa kwa ajili ya kurejesha data iitwe nakala ya akiba, na kitendo chake kiitwe kuweka akiba. Neno rudufu libaki kwa nakala yoyote ya pili, popote ilipo. Tatu, data za kupita zisiitwe akiba tena, bali kumbukumbu ya muda, ili anayeambiwa azifute asiwe na hofu, na anayeambiwa atunze akiba asiifute. Nne, kulandanisha kusitumiwe kamwe mahali pa kuweka akiba. Tano, nakala ya akiba inayosafiri, kama vile ya kwenye flashi, isimbwe ili ikiokotwa isisomeke, maana akiba isiyolindwa ni zawadi kwa mwizi.

Kisha kila mwongozo ulieleze neno hilo kwa sentensi moja inayotaja mahali. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni inayofaa kukaririwa hata na mtoto wa shule: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake ikae mahali pengine. Kwa wasomaji wetu wa Tanga, twaweza kuisema hivi: akiba ya ofisi ya Handeni ilale Korogwe, na ya Korogwe ilale Handeni.

Huenda msomaji akauliza kama inafaa kusumbua watu kwa kubadili maneno waliyokwisha kuyazoea. Swali hilo ni la haki. Istilahi iliyoenea haing'olewi kwa sababu ya uzuri tu, na kama nakala rudufu ingekuwa na kasoro ya sura peke yake, tungeiacha. Lakini yule mwalimu wa taaluma ameanza kuandika upya alama za mihula mitatu, akizitafuta katika madaftari ya wanafunzi ambao baadhi yao wamekwisha kuhama. Neno linalompeleka mtumishi mwangalifu kwenye hasara halifai kulindwa kwa sababu ya mazoea. Wafasiri, walimu na maofisa watakaoona kasoro katika mapendekezo haya watuandikie, na barua hizo wazitunzie nakala ya akiba.