Mkono Usio na Haraka

Ziwa hupimwa kwa vidole vitatu vya katikati. Kinachofanya kazi si ncha zenye kucha bali nyama laini ya upande wa pili, na vidole havichomi wala havibani. Huzunguka polepole juu ya ngozi, duara dogo baada ya duara dogo, kwanza kwa mkono mwepesi, kisha kwa uzito kidogo, kisha mpaka mbavu zihisike. Muuguzi huanzia chini ya mtulinga, hushuka, hupanda, na kwapa halisahau. Akimaliza upande mmoja huhamia wa pili, hata kama mama amelalamikia mmoja tu, maana ziwa zima ndilo linalomwonyesha jinsi lile lenye shida lilivyopaswa kuwa.

Mwanafunzi wa ITM, shule ya ufundi wa tiba, anayekuja kufanya staji hapa Kindu ana haya yote kwenye daftari, na bado mkono wake huruka sehemu. Uzito haufundishiki kwa maneno. Muuguzi mkongwe huweka vidole vyake juu ya vya mwanafunzi na kuvisukuma: hapa, tena hapa, sasa zaidi. Karatasi za kazi zitasema huyu ni muuguzi wa ngazi ya A2, yule amepita ISTM, taasisi ya juu ya ufundi huo, na ni A1. Ubora wa mkono haujapewa herufi.

Lakini kabla ya mkono kuna sikio, na hapo ndipo mimi humtambua fundi. Mama aliyevuka mto Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli hasemi kwamba amekuja kwa ajili ya ziwa, wala kwa uchafu wenye harufu unaomtoka tangu mwezi uliopita. Huanza na kichwa. Huendelea na homa, na mtoto asiyelala. Jambo lenyewe hutoka akiwa ameshasimama, anakaza kikwembe, macho yakiwa mlangoni. Muuguzi mwenye haraka keshafunga rejista na kumwita anayefuata. Fundi bado ameshika kalamu. Kama mume yumo chumbani, huambiwa kwa heshima, "Baba, tunakuomba utusubiri kidogo barazani," na hatoki akijiona amefukuzwa. Kisha: "Mama, kichwa tumekisikia. Hakuna kingine kinachokusumbua?" Halafu kimya, ambacho wengi hawakiwezi.

Ugumu huzidi kwa anayenyonyesha. Ziwa lake limejaa vinundu ambavyo leo vipo na kesho havipo. Mfereji ulioziba hufunguka mtoto akinyonya upande uleule. Ziwa likiwa jekundu na la moto kwa homa, mama hupewa dawa na kuombwa asiache kunyonyesha, ingawa majirani watamwambia maziwa yameharibika. Kinundu kisichoondoka baada ya wiki mbili ni habari nyingine. Vivyo hivyo ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa, au chuchu inayotoa damu. Muuguzi hatamki jina la ugonjwa, kwa kuwa vidole havina darubini. Kazi yake ni kujua kipi cha kungoja na kipi cha kupeleka mbele. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mwenye dalili awe amepata jibu kamili ndani ya siku 60. Kwa mkoa wetu wa Maniema, ambako barabara ni mtihani, siku hizo zinaanza kuliwa pale mama alipoaga bila kuulizwa swali la pili.

Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi nao unadai subira yake. Asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, ambayo ni siki tu, hupakwa, kisha hungojwa dakika nzima ndipo doa jeupe lijitokeze kama lipo. Anayetazama kabla ya hapo ametazama bure.

Si kila mahali ni pa kungoja. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, waliofanya kazi Salisbury, Harare ya leo, walichora mistari miwili juu ya karatasi ya kufuatilia uchungu: mmoja wa tahadhari na, saa nne mbele yake, mwingine wa kuchukua hatua. Waliwafikiria wakunga wa zahanati zilizo mbali, wajue saa ya kumpeleka mama hospitali. Partogramu hiyo ilizaliwa Afrika, kwa shida za Afrika, na sijui kwa nini hatujivunii. Iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, ili mkaguzi aione, ni mapambo.

Uchungu ukikwama siku mbili, tatu, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama za mama kwenye mfupa hadi zinakosa damu na kufa, mkojo ukaanza kuvuja bila kukoma. Ndiyo fistula, na katika vita vya mashariki ya Kongo ubakaji nao umeisababisha. Dunia inamjua daktari Denis Mukwege, hospitali ya Panzi aliyoianzisha Bukavu mwaka 1999, na Nobeli ya 2018, na sifa hizo ni halali yake. Ila operesheni ya kushona fistula huchukua saa chache. Mrija wa mkojo hukaa wiki moja hadi mbili, na ukiziba usiku mmoja tu, kibofu hujaa na mshono unaweza kuachia. Saa nane usiku anayepita kitandani ni muuguzi. Akikuta mkojo kwenye mfuko haujaongezeka hamwamshi daktari kwanza. Anatazama kama mrija umejikunja chini ya paja, anaunyoosha. Ukiwa umeziba anauosha taratibu kwa maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, anaandika kiasi kilichotoka, kisha anamwamsha mama anywe maji tena, na mama ananung'unika kwamba ameshakunywa ndoo nzima. Mgonjwa akitoka mkavu, fishi yake hubeba jina la aliyeshona. Mstari wa zamu za usiku haujachapwa kwenye fishi hiyo, na mishahara ya wanaozifanya ni hadithi ambayo kila mtu Kindu anaijua.