"Kusafisha Figo" na Maneno Mengine ya Tiba

Katika tafsiri za habari za tiba, kitenzi "kuponya" kimebebeshwa mzigo usio wake. Dawa inayopunguza kasi ya maradhi ya figo yasemwa kuwa yaponya; inayozuia kovu, vivyo hivyo; hata utafiti uliofanywa kwa panya waletwa kwetu kwa neno hilo hilo. Msomaji wa habari hizo mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe, naye huamua la kufanya kwa neno alilolisoma. Kwa hiyo yafaa maneno haya yapimwe.

Tuanze na "kusafisha figo", usemi uliokwisha kuenea magazetini na hospitalini. Mashine aliyoiunda Willem Kolff huko Uholanzi mwaka 1943 haikuigusa figo hata kidogo. Damu ilitolewa mwilini, ikapitishwa katika mirija ya selofani ili taka zichujwe, kisha ikarudishwa. Mashine za leo ni bora zaidi, lakini kinachosafishwa ni kile kile, yaani damu. Mtu anayeambiwa mara tatu kwa juma kwamba figo zake zimesafishwa ana haki ya kuuliza mbona haziponi. Na wauza mitishamba, ambao nao wana dawa ya "kusafisha figo", wanalo jibu tayari. "Usafishaji damu" ni istilahi iliyopo na yaeleweka; hatuoni sababu ya kuiacha. Ama "figo kufeli", neno hilo lingebaki shuleni, ambako aliyefeli huweza kurudia mtihani.

Ugumu zaidi u katika kuieleza figo inayojitengeneza. Kila figo ina nefroni zipatazo milioni moja, na mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa nazo zote. Ikipotea moja, haioti nyingine. Hata hivyo, seli za mirija ya nefroni zina uwezo wa kujirudishia. Figo ikiumia ghafla, kwa kuharisha sana, malaria kali au sumu, seli zilizosalia hugawanyika zikapafunika mahali palipobaki wazi, na figo yaweza kurejea kazini baada ya siku au majuma kadhaa. Katika ugonjwa sugu mambo ni mengine: kovu hutanda mahali pa tishu hai. Mtafsiri anayeandika "figo kuzaliwa upya" kwa hali zote mbili ametupa lugha ya walokole, si ya tiba. "Kukarabati" nako kwadai fundi atokaye nje, na hilo ni kinyume kabisa cha maana inayotakiwa.

Kiswahili hakina uhaba hapa. Mfupa huunga, kidonda hufunga, mkia wa mjusi huota tena. Twapendekeza "kuota upya" kwa kiungo kinachorudisha sehemu iliyopotea, na "kujitengeneza" kwa seli zinazoziba palipoumia. Kwa dawa kama kaptoprili, iliyothibitika mwaka 1993 kwa wagonjwa wa kisukari, na dapaglifozini, mwaka 2020, patumike "kupunguza kasi ya maradhi", wala si zaidi. Atakayesema kwamba kuota ni kuona ndoto, na azitazame kucha zake.

Kiambishi -ji- kisidharauliwe. "Dawa huponya figo" na "dawa huisaidia figo ijitengeneze" ni habari mbili, kwa kuwa mtenda amebadilika. Mwaka 2022 watafiti wa Singapore na Ujerumani walieleza kwamba kingamwili inayozuia interleukini-11 ilizisaidia figo za panya zijitengeneze, na kovu likapungua. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko "Dawa ya kuponya figo yapatikana", na mhariri wa gazeti huenda akaikata. Akiikata, tungemwomba alibakize neno "panya".

Limebaki "kovu" lenyewe. Wengine wataka "ukovu" kwa hali ya tishu kugeuka makovu, ili kovu liwe la jeraha moja. Sisi twaelekea kuukubali, maana mgonjwa wa ini naye atauhitaji.