Mistari Michache ya Fundi wa Barua Pepe

Mtaani Xiaobei, Guangzhou, wafanyabiashara wa Kiafrika huelewana bei kwa WeChat. Lakini ankara, hati za shehena na namba ya akaunti ya benki mara nyingi bado hupitia barua pepe, na hapo anuani yenye jina la kampuni huwa na uzito wake. Fundi anayeiandaa vizuri anastahili sifa.

Mji wenyewe ni wa barua pepe. Kampuni ya NetEase, yenye anuani za 163, ilianzishwa hapa mwaka 1997. Hapa pia Zhang Xiaolong alitengeneza programu ya barua pepe ya Foxmail, iliyonunuliwa na kampuni ya Tencent mwaka 2005. Timu ya Zhang ndiyo iliyokuja kuzaa WeChat mwaka 2011.

Kwenye DNS, daftari la majina ya intaneti, fundi stadi hushusha mapema TTL, yaani muda ambao seva nyingine hukumbuka rekodi, tuseme hadi sekunde 300, ili kosa likitokea lisidumu kwenye seva za watu. Akitumia huduma ya Tencent, huandika rekodi mbili za MX, zinazoonyesha seva ya kupokelea barua: mxbiz1.qq.com yenye namba 5, na mxbiz2.qq.com yenye namba 10. Namba ndogo hujaribiwa kwanza. Kubwa ni ya akiba.

Barua zinaanza kuingia. Fundi wa pupa huaga hapo; stadi ndiyo kwanza anaanza. Huandika SPF, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kampuni. Hii huwa moja tu: zikiwa mbili, zote hubatilika. Hufuata DKIM: ufunguo wa siri hubaki kwenye seva ukitia sahihi kila barua, na wa wazi huwekwa kwenye DNS ili mpokeaji ahakiki.

DMARC, inayoiambia seva ya mpokeaji ifanye nini na barua isiyopita ukaguzi huo, ndiyo inayopima subira. Fundi huanza na p=none, isiyozuia kitu, akasoma ripoti kwa wiki kadhaa, asije akafungia nje tawi la Kariakoo linalotuma ankara kwa mfumo mwingine. Akiridhika hupanda hadi p=quarantine, ya kutenga barua zenye shaka, kisha p=reject, ya kuzikataa. Hapo tapeli anayeghushi anuani ileile kutangaza "akaunti mpya ya benki" hukataliwa na seva zinazofuata DMARC. Anayesajili jina linalotofautiana kwa herufi moja hazuiwi na rekodi hizi. Huyo ni wa kukaguliwa kwa macho, na kwa simu kabla ya kutuma pesa.

Kwa hiyo usimalize malipo ya fundi siku barua ya kwanza inapoingia. Yamalize p=reject ikishasimama, na ankara zako zote zinafika.